Maswali ya Wasomaji: Plani yetu ya mafuta kumwagika baharini imerudishwa, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi sita wa mwaka wa tatu, tumepewa kazi ya kuandaa plani ya dharura endapo meli ya mafuta itapata ajali karibu na mwambao. Tumejitahidi sana, kurasa 46, tumeorodhesha vifaa vyote, vizuizi vya kuelea, pampu, boti, droni mpaka helikopta. Mhadhiri ameirudisha, juu kaandika neno moja tu "Nani?", alafu pembeni ya ramani kaandika "Mnaacha nini?" Wiki nzima tunaangaliana hatuelewi anataka nini, na tumebakiwa na wiki tatu. Tusaidie. – Sita tuliokwama

JIBU: Marahaba wanangu. Msimchukie mhadhiri wenu, hayo maneno matatu aliyoandika ndo kazi yenyewe ya wiki tatu zilizobaki, na kwa kweli angewaandikia kurasa kumi za masahihisho asingewasaidia zaidi ya hapo.

Tuanze na "Nani?" Mmeorodhesha vifaa lakini kifaa hakijipigii simu. Hebu nisomeeni ukurasa wa kwanza wa plani yenu, je unasema nani anapokea taarifa ya kwanza saa 8 usiku, anamwamsha nani, huyo aliyeamshwa ana mamlaka ya kusema "tokeni" au na yeye lazima amtafute mwingine kwanza, na asipopatikana ndani ya dakika 15 anapigiwa nani badala yake? Kama hamna hiyo basi mnayo orodha ya stoo tu. Sisemi hivi kuwavunja moyo, plani nyingi za watu wazima wenye mishahara zina kasoro hiyo hiyo.

Mfano ambao kila anayesoma mambo haya anapaswa kuujua ni wa Exxon Valdez. Meli ilipanda mwamba kule Alaska muda mfupi tu baada ya saa 6 usiku, tarehe 24 Machi 1989, ikamwaga kama tani 37,000 za mafuta ghafi. Plani ilikuwepo, imeandikwa vizuri, inasema vifaa vya mwanzo vifike kwenye meli ndani ya masaa 5. Sasa lile tishari la kubebea vifaa lilikuwa kwenye matengenezo, vifaa vimeshushwa, ikabidi vitafutwe na kupakiwa upya usiku huo huo kwenye baridi, tishari likafika kwenye meli karibu saa 9 alasiri. Hesabuni wenyewe, ni masaa 14 na kitu. Bahari ilikuwa imetulia siku hizo za mwanzo, hali ambayo ndo nzuri kabisa kwa kukusanya mafuta, alafu siku ya tatu ikaja dhoruba ikayasambaza. Kwahiyo kila kifaa mlichoandika kwenye zile kurasa 46 kiwekeeni vitu vinne mbele yake: kipo wapi leo, nani ana ufunguo, kinachukua muda gani kufika majini, na mara ya mwisho kilijaribiwa lini. Vile ambavyo hamuwezi kujaza vitoeni, na helikopta naona itakuwa ya kwanza kutoka. Mkibaki na kurasa 12 zenye ukweli mtakuwa mmepiga hatua kubwa sana.

Na msisubiri mafuta yaonekane ndo plani ianze kazi. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe ya Mauritius tarehe 25 Julai na mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Kati hapo kuna siku 12! Meli iliyokwama ikiwa bado nzima ni dharura tayari, na siku hizo ndo za thamani kuliko zote maana unaweza kuita msaada wa mbali, kufikiria kupampu mafuta kuyatoa melini, kufunga midomo ya mahori, kuhamisha nyavu za wavuvi. Wekeni kwenye plani yenu kitu kinachoitwa kengele ya kwanza, yaani chombo kimezimika injini, kimekwama, kimegongana au kinawaka moto, hapo hapo timu inaitwa hata kama maji bado ni safi kabisa.

Kingine kwenye hiyo "Nani?" ni ukubwa wa tukio. Utaratibu uliozoeleka duniani ni wa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kile ambacho bandari au kampuni husika inakimudu yenyewe, ya pili ni cha kuunganisha nguvu za eneo au nchi, ya tatu ni kile kinachohitaji msaada wa kimataifa. Mkataba wa kimataifa wa kujiandaa na kushirikiana kwenye umwagikaji wa mafuta ulipitishwa mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya ile ajali ya Alaska, na unazitaka nchi ziwe na mfumo wa taifa na plani ya taifa. Maana yake plani yenu nyie sita haisimami peke yake angani, inatakiwa iingie chini ya ile ya taifa kama droo inavyoingia kwenye kabati. Itafuteni, isomeni, tumieni majina ya vyeo yale yale yaliyomo. Msibuni kamati yenu mpya yenye mwenyekiti na makamu, siku ya tukio viongozi wawili ni wabaya kuliko kukosa kiongozi kabisa.

Sasa "Mnaacha nini?" Hapa ndo penyewe na ndo sehemu ambayo wanafunzi wanaiogopa, naelewa kwa nini maana inauma. Nimeangalia ramani mliyoambatanisha, mmepaka rangi nyekundu ufukwe wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila mahali mmeandika "linda". Mna mita ngapi za vizuizi kwenye orodha yenu? 800. Mwambao wenu una urefu gani? Kilomita 23. Ukisema unalinda kilomita 23 kwa mita 800 hujasema kitu, na siku ya tukio uamuzi huo utafanywa na yule anayepiga kelele zaidi kwenye simu.

Wataalamu wanapanga fukwe kwa unyeti, daraja la 1 mpaka la 10. Chini kabisa kuna majabali yanayopigwa na mawimbi, mafuta yakigonga pale mawimbi yenyewe yanarudisha na kuosha. Mchanga uko katikati, unategemea ni laini au mkubwa, maana kwenye mchanga mkubwa na changarawe mafuta yanazama chini unayakanyaga bila kuyaona. Juu kabisa kwenye 10 kuna mikoko na vinamasi vyenye nyasi zinazoota kwenye maji ya chumvi. Mkoko unapumua kwa ile mizizi inayochomoza kwenye tope, mafuta yakiziba vitundu vyake mti unakufa taratibu, unaweza kuona majani yanaanza kudondoka miezi baadae wakati kila mtu ameshaondoka na ripoti imeshafungwa. Na tope lile halina hewa, mafuta yakiingia yanaweza kukaa miaka na miaka.

Kwahiyo kaeni chini nyote sita mkubaliane kwa maandishi: vizuizi vya kwanza vinakwenda mdomo wa hori lenye mikoko, vya pili labda pale kwenye bomba linalovuta maji ya bahari kwenda kiwandani au kwenye mtambo wa kuchuja maji ya kunywa, vya tatu kulingana na msimu, kama kasa wanataga au ndege wahamiaji wametua. Alafu chagueni ufukwe wa mchanga, mgumu, gari linafika, hauna mazalia, na muandike kwamba hapa tutayaacha mafuta yaje, tena tutayaelekeza kwa makusudi yaje hapa ili tuyakusanye. Kuna watu watakasirika, pengine ni ufukwe ambao nyie wenyewe mnaupenda. Lakini mchanga unasafishika ndani ya wiki au miezi, mikoko inaweza kuchukua miongo. Huo ndo uamuzi ambao mhadhiri wenu anautafuta kwenye ramani na haupo.

Na kabla hamjaandika, nendeni mkatembee hiyo pwani yote kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa. Ongeeni na wavuvi wazee, waulizeni taka zinazoelea huwa zinakusanyika wapi msimu huu na wapi msimu ule. Mafuta nayo yanaelea, yataelekea kule kule.

SWALI: Mwalimu mimi ni mmoja wa wale sita, nimebaki na kipande cha kukadiria mafuta yatafika wapi na saa ngapi. Hatuna programu ya kompyuta ya kufanyia hayo. Kuna njia ya mkono?

JIBU: Ipo, na hata wenye programu wanaitumia kuhakiki kompyuta isije ikawadanganya. Mafuta juu ya maji yanakwenda na mkondo wote kwa ukamilifu wake, yaani 100%, kujumlisha kama 3% ya mwendo wa upepo. Basi.

Tuseme upepo ni mita 10 kwa sekunde, 3% yake ni 0.3. Mkondo ni 0.5 unaelekea huko huko, jumla mita 0.8 kwa sekunde ambayo ni karibu kilomita 2.9 kwa saa. Kama meli iko kilomita 12 kutoka kwenye hori lenu basi mna masaa manne na kidogo, sio siku mbili kama mlivyoandika. Vikielekea pande tofauti chora mishale miwili kwenye karatasi ya grafu, mmoja unaanzia pale mwingine ulipoishia, alafu unganisha mwanzo na mwisho. Rudia kila saa maana mkondo unageuka maji yakianza kujaa au kupwa.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa wengi na naomba muuandike kwa herufi kubwa ukutani. Upepo unaitwa kwa kule unakotoka, mkondo unaitwa kwa kule unakokwenda. Upepo wa kusini unasukuma kwenda kaskazini, ila mkondo wa kusini unakwenda kusini. Nimeshaona zoezi zima, watu wazima, ramani nzuri, boti zinapelekwa upande ambao sio kwa sababu ya hilo tu.

Kiasi nacho kinakadirika kwa macho ukiwa juu, droni inatosha. Utando wa rangi ya fedha una unene wa mikroni 0.04 mpaka 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ule wenye rangi za upinde wa mvua ni 0.3 mpaka 5, ukiona rangi kama chuma kinachong'aa ni 5 mpaka 50, ukiona rangi ya mafuta yenyewe nyeusi au kahawia ni zaidi ya hapo. Sasa kilomita moja ya mraba yenye unene wa mikroni 1 ni lita 1,000. Kwahiyo ule utando wa fedha unaotisha kwenye picha, kilomita nzima ya mraba, unaweza ukawa na lita 40 tu, wakati kiraka cheusi kidogo pembeni yake kina maelfu. Boti zipelekeni kwenye cheusi. Huo wa fedha mawimbi na jua vitaumaliza.

SWALI: Kwenye grupu letu tumegawanyika. Wengine wanasema tupulizie kemikali za kutawanya mafuta mara moja yasifike ufukweni, wengine wanasema ni sumu hatutaki hata kuzitaja. Nani yuko sahihi? – Kiongozi wa grupu lingine

JIBU: Mnagombania jibu wakati swali bado. Kemikali hizo haziondoi mafuta, zinayavunja kuwa matone madogo sana yashuke kutoka juu ya maji na kuingia ndani ya maji, ambako yanachanganyika na maji mengi na vijidudu vinaweza kuyala haraka zaidi. Kwahiyo unamwokoa ndege na mkoko kwa kuwapelekea mzigo samaki wachanga na matumbawe. Mahali penye kina kirefu, mbali na pwani, maji yanatembea, biashara hiyo inaweza kuwa na maana. Kwenye maji ya kina kifupi juu ya matumbawe au nyasi za bahari, au ndani ya hori lililofungwa, haina maana kabisa.

Alafu kuna muda. Mafuta yakishakaa, yanapoteza ile sehemu nyepesi inayoruka hewani, yanapigwa na mawimbi na kumeza maji mpaka yanakuwa rojo zito la kahawia ambalo ujazo wake umeongezeka mara tatu hata nne. Rojo hilo kemikali haziliwezi. Dirisha linaweza kuwa masaa, au siku moja mbili, kutegemea aina ya mafuta na bahari ilivyo. Ndo maana uamuzi huu hauwezi kuanza kujadiliwa siku ya ajali, lazima plani iwe na ramani inayoonyesha hapa kamwe, hapa labda, hapa inaruhusiwa, na jina la cheo cha mamlaka ya nchi inayotoa kibali. Nyie wanafunzi hamtoi kibali hicho na hakuna mtu binafsi anayekitoa.

Hao wanaoogopa sumu wana historia upande wao, wasibezwe. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipasuka karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na karibu tani 119,000. Zikamwagwa kama tani 10,000 za sabuni kali za viwandani, mpaka juu ya majabali ya ufukweni. Sehemu zilizoachwa na mafuta yake bila kuguswa zikapona ndani ya miaka michache, zile zilizooshwa kwa sabuni ziliuawa konokono na kome wote, zikachukua zaidi ya miaka 10 kurudi kwenye hali ya kawaida. Kemikali za leo sio zile, sumu yake ni ndogo zaidi, lakini fundisho la kupima kabla ya kumwaga bado liko pale pale. Andikeni jedwali la faida na hasara kwa kila kipande cha bahari yenu na ugomvi utakwisha wenyewe.

SWALI: Mimi nasoma sekondari, niko klabu ya mazingira. Tumeona hizo habari za wanafunzi wa chuo na sisi tunataka, tupo 60, tuna glavu na ndoo. Ikitokea tutakwenda kusafisha. Kuna ubaya?

JIBU: Moyo huo ninauheshimu sana mwanangu na sitaki uzimike. Ila nakuambia wazi, chini ya miaka 18 usiguse mafuta, na hata mkubwa haendi bila mafunzo, nguo za kujikinga na ruhusa ya anayesimamia tukio. Mafuta mabichi yanatoa mvuke wenye kemikali ya sumu iitwayo benzini, na kuna mengine yana ile gesi inayonuka kama yai bovu. Hiyo gesi ikizidi inaua pua, husikii harufu tena unadhani imeisha kumbe ndo imekuwa nyingi. Masaa ya mwanzo watu wanatakiwa wawe upande upepo unakotoka, mbali.

Mwaka 2007 Korea Kusini, meli ya Hebei Spirit iligongwa ikamwaga zaidi ya tani 10,000 na wananchi zaidi ya milioni moja wakajitolea kufuta majabali kwa mikono. Ni kitu kinachogusa moyo, na pia kilileta malalamiko ya vichwa kuuma, kichefuchefu na macho kuwasha kwa waliofika mapema bila vifaa. Watu wengi bila mpango wanakuwa kazi nyingine juu ya kazi.

Na kuna madhara ambayo hayaonekani. Watu 60 wakiingia kwenye tope la mikoko wanakanyaga mafuta yaliyokuwa juu, wanayasukuma chini ambako hayatatoka. Bora ungewaacha nje. Kule Alaska walipiga majabali kwa maji ya moto yenye presha kubwa, ufukwe ukaonekana umetakata kwenye kamera lakini yale maji yaliua viumbe vilivyokuwa vimenusurika na mafuta yenyewe.

Sasa sikia kazi yenu, na ni kubwa. Yale masaa kabla mafuta hayajafika, nendeni ufukweni mkiwa na mwalimu mkaokote kila kitu, mwani mkavu, magogo, chupa, nyavu kuukuu, mvipandishe juu kabisa maji yasipofika hata wakati wa bamvua. Kila kipande cha takataka kikiguswa na mafuta kinakuwa taka ya sumu inayohitaji kusafirishwa na kutupwa kwa utaratibu maalumu. Taka zinazotokana na usafishaji zinaweza kufika mara 10 hata 30 ya mafuta yenyewe yaliyomwagika! Mkitoa tani tano za takataka mapema mmefanya kitu ambacho hakuna mashine itakifanya baadae. Pia pigeni picha za ufukwe ulivyo leo, kila mwezi, sehemu ile ile, andikeni tarehe na hali ya maji. Ajali ikitokea picha hizo ndo ushahidi wa ulivyokuwa kabla. Ukikuta ndege amelowa mafuta usimkimbize wala usimuoshe, toa taarifa pale palipotajwa kwenye plani, ndege wa hivo anakufa kwa baridi na kwa hofu kabla ya kufa kwa mafuta.

SWALI: Je mkiambiwa sio mafuta ni plastiki, plani ni ile ile?

JIBU: Ile "Nani?" ni ile ile, mengine yanabadilika. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo, Sri Lanka, ikaanza kuzama mwanzoni mwa Juni, na karibu tani 1,680 za punje za plastiki, ndogo kama dengu, zikasambaa ufukweni, nyingine zimeungua zimeshikana. Ndani ya meli kulikuwa na asidi ya naitriki pia. Plastiki hairuki hewani, haivunjwi na vijidudu kwa muda wa binadamu, kila maji kujaa inaletwa nyingine na iliyopo inafukiwa mchangani. Mafuta mnakimbizana nayo masaa, punje mtakimbizana nazo miaka, na kazi ni ya chekeche na mikono mistari ile ile ya ufukwe mara kwa mara. Kama mizigo ya kontena inapita kwenu, ongezeni sura moja na muandike kwamba karatasi ya orodha ya mizigo iombwe kwenye ile simu ya kwanza kabisa, kabla mtu hajapanda boti kusogelea.

SWALI: Nani anagharamia yote haya? Mhadhiri kasema tuweke bajeti.

JIBU: Kwa meli zinazobeba mafuta kama mzigo, nchi nyingi zimeingia kwenye mikataba ya mwaka 1992 ambayo mwenye meli anawajibika, na juu yake kuna mfuko wa kimataifa wa fidia. Ila hakuna anayelipwa kwa kusema "tulifanya kazi sana". Wekeni fomu moja tu, kila siku, nani alikuwa wapi, masaa mangapi, kifaa gani, picha, risiti. Muda wa kudai ni miaka 3 tangu uharibifu utokee, na wanaokosa mara nyingi ni wavuvi wadogo wasiokuwa na karatasi yoyote, kwahiyo fomu hiyo ifanyeni rahisi, kwa lugha wanayoisoma, na muwapelekee kabla.

SWALI: Ni sisi tena, sita tuliokwama. Tumefuta kurasa 31! Tumetembea pwani yote. Mhadhiri anataka tuwasilishe kwa zoezi la mezani na sio slaidi. Tunalifanyaje?

JIBU: Nimefurahi mpaka nimewasomea nyumbani hiyo ya kurasa 31.

Zoezi la mezani ni ramani moja kubwa katikati, saa ukutani, na mtu mmoja asiyekuwa kwenye grupu lenu aliyeshika bahasha. Mwombeni mhadhiri au wanafunzi wa mwaka mwingine waandike kilichomo, nyie msijue. Kila baada ya dakika kumi anafungua moja, dakika kumi za chumbani ni saa moja ya baharini. "Upepo umegeuka." "Mwenye ufunguo wa stoo amesafiri." "Mvuvi kapiga simu anasema harufu ni kali na watoto wanaumwa vichwa." "Vizuizi kwenye mdomo wa hori vinapitisha mafuta chini."

Hiyo ya mwisho mtaipata, nina hakika, kwahiyo jiandaeni. Kizuizi kikiwekwa kukatisha mkondo moja kwa moja, mkondo ukizidi kama mita 0.35 kwa sekunde mafuta yanapita chini yake hata kiwe kipya namna gani. Msikivute kwa nguvu kukinyoosha, kilazeni kiwe mshazari ili mafuta yatelezee pembeni kwenye maji yaliyotulia, na huko pembeni ndo muweke mashine ya kukwangua na matanki. Matanki yahesabiwe kwa rojo, sio kwa mafuta, nimeshawaambia linavyovimba. Kazi nyingi husimama kwa sababu kila chombo kimejaa na hakuna pa kumwaga.

Mmoja wenu asiseme chochote zoezi zima, aandike tu muda na uamuzi na nani kauamua. Kile mtakachokwama msikifiche mbele ya mhadhiri, muonyesheni mstari wenyewe kwenye plani ulioshindwa na muubadilishe pale pale kwa kalamu nyekundu. Na ile namba ya simu ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza, kabla hamjaingia chumbani, ipigeni muone kama inapokelewa.